Viwanda vilifanya kazi usiku na mchana, rafu zikabaki tupu: risasi za Marekani za 2020 na 2021 zilikwenda wapi?

Karani wa Kaunta (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu.

Tangu mwanzoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2021 nilikuwa karani katika duka la vifaa vya uwindaji huko Texas, nikisimama nyuma ya kaunta ya bunduki na risasi. Lipo swali moja ambalo wateja waliniuliza kila siku, na hadi leo sijapata jibu la kuniridhisha. Kampuni kubwa zote zilitangaza kwamba zinatengeneza risasi nyingi kuliko wakati wowote uliopita, wafanyakazi wakipokezana zamu usiku na mchana. Nami nilikuwa nikipokea mzigo kila Jumanne kwa mikono yangu. Hata hivyo rafu zilikuwa tupu. Risasi hizo zilikwenda wapi?

Nieleze nilichokiona. Lori lilifika alfajiri, na foleni ilikwisha kujipanga tangu saa kumi na moja, watu wakiwa na viti vya kukunja, mablanketi na barakoa. Duka liliweka utaratibu wa maboksi mawili kwa kila mteja. Boksi la risasi 50 za bastola ya milimita 9, ambalo kabla ya Korona tuliliuza kwa dola 10 au 11, lilipanda kwetu hadi karibu dola 30, na mtandaoni liliuzwa zaidi ya hapo. Ilipofika saa nne asubuhi kilichobaki kwenye rafu kilikuwa vibandiko vya bei na boksi moja moja la kaliba, yaani vipimo vya risasi, ambazo hakuna mtu mwenye bunduki yake. Nilikuwa na daftari la majina na namba za simu za walioomba wapigiwe mzigo ukija. Daftari la kwanza lilijaa kabla ya Juni, nikaanza la pili.

Naomba wenye ujuzi wachangie, na naomba tubaki kwenye bunduki, risasi na vipuri vyake. Mabishano ya vyama yana nyuzi zake.

Msomi wa Bei

Asante kwa uzi huu. Jibu liko kwenye takwimu za FBI. Kila anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni huchunguzwa kwanza kupitia mfumo unaoitwa NICS. Mwaka 2019 ulifanyika uchunguzi milioni 28.4, na mwaka 2020 ukafika milioni 39.7. Machi 2020 peke yake ilikuwa na milioni 3.7, na Machi 2021 ikapita kwa kufika milioni 4.7. Mahitaji yalipanda ndani ya majuma mawili, lakini mtambo wa kutengeneza risasi huagizwa, husubiriwa, hufungwa na kufundishiwa watu kwa miezi mingi. Hapo ndipo pengo lilipotokea, wala hatuhitaji kutafuta mchawi.

Fundi Mitutu

Msomi, nakuheshimu, ila sahihisha hapo. Uchunguzi wa NICS si idadi ya bunduki zilizouzwa. Kentucky huwachunguza upya wenye vibali kila mwezi ingawa hawajanunua chochote, na kila mmoja wao huhesabiwa. Chama cha wenye viwanda vya silaha, NSSF, huondoa hesabu za namna hiyo, na baada ya kuziondoa hubaki kama milioni 21 kwa mwaka 2020 dhidi ya milioni 13 kwa 2019. Ongezeko lilikuwa kubwa kweli, lakini milioni 39.7 usizihesabu kuwa ni bunduki milioni 39.7.

Msomi wa Bei

Nimesahihishika, Fundi. Hata hivyo kutoka 13 kwenda 21 ni ongezeko la asilimia 60 ndani ya mwaka mmoja, na hoja yangu imesimama palepale.

Mtoto wa Pwani

Mimi naona wanunuzi wapya ndio jibu. NSSF ilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 8 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwao mwaka 2020. Mtu mwenye bastola mpya hawezi kutoka dukani mikono mitupu. Kila mmoja akichukua maboksi mawili tu ya risasi 50, hizo ni risasi milioni 800 ambazo mwaka uliotangulia hakuna aliyekuwa akizihitaji. Kumbukeni mfululizo wa mambo ya mwaka ule: Machi hofu ya ugonjwa, polisi wakasema hawataitikia kila simu, baadhi ya magereza yakapunguza wafungwa, Mei 25 George Floyd akauawa Minneapolis na miji ikawaka, Novemba uchaguzi, kisha Januari 6, 2021 vurugu za Bunge. Kila jambo lilileta kundi jipya la watu dukani kabla kundi la kwanza halijatoka.

Bi Nesi

Naomba kuongeza kwenye hoja ya Mtoto wa Pwani. Upo utafiti uliochapishwa katika jarida la Annals of Internal Medicine uliokadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima milioni 7.5 walikuwa wamiliki wapya, karibu nusu yao wanawake, na mmoja kati ya watano Mmarekani Mweusi. Kwa hiyo makadirio ya wenye viwanda ya watu milioni 8 kwa mwaka mmoja tu ni makubwa kuliko ya watafiti kwa zaidi ya miaka miwili. Tusiyachanganye kana kwamba ni hesabu moja.

Msomi wa Bei

Bi Nesi amenitangulia. Nami naongeza kwamba hesabu ya risasi milioni 800 inatisha kwa kuitazama tu, lakini soko la Marekani humeza mabilioni ya risasi kila mwaka, kwa hiyo wanunuzi wapya peke yao hawawezi kuzimaliza rafu kwa miezi 18. Tazameni upande wa wenye bunduki wa zamani. Takribani watu wazima watatu kati ya kumi nchini humo husema wana bunduki, yaani watu wapatao milioni 75. Kila mmoja akiongeza maboksi mawili juu ya kawaida yake kwa sababu ameona jirani anaongeza, tayari ni risasi bilioni 7.5. Wala hao si walanguzi, ni watu wa kawaida waliosema moyoni, "Nichukue na la akiba." Karatasi za chooni ziliisha Machi ile ile kwa mwendo huo huo, na hakuna aliyekuwa akienda chooni mara mbili zaidi ya zamani.

Mzee Kibuyu

Nimefurahi kusoma mjadala wa adabu namna hii. Mimi niko Maryland tangu miaka ya tisini, lakini nilikuwa kijana Dodoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari na sabuni zilipokuwa hadithi, hadi mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Nilijifunza kitu kimoja: mwenye kilo moja ya sukari ndani alikuwa na haraka ya kutafuta nyingine kuliko asiye na kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwisha kuonja hofu ya kuikosa.

Wenye bunduki wa Marekani nao walikwisha kuionja hofu hiyo. Risasi ziliadimika baada ya Obama kuchaguliwa mwaka 2008, zikaadimika tena baada ya watoto kuuawa shuleni Sandy Hook Desemba 2012, watu wakiogopa sheria mpya. Ile ndogo ya kaliba ya .22, ambayo wazee hapa humnunulia mjukuu ajifunze kulenga makopo, ilichukua miaka kurudi kwenye rafu kama kawaida. Aliyeteseka mwaka 2013 hakusubiri kuambiwa mwaka 2020.

Fundi Mitutu

Sasa niseme la ufundi wangu, kwa sababu naona wote mnahesabu wanunuzi na hakuna anayeiangalia risasi yenyewe.

Risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kuna baruti ndani ya ganda. Kuna kichwa, kwa kawaida madini ya risasi yaliyovikwa shaba. Lugha yetu imelipa madini na silaha jina moja, na ndiyo maana nalazimika kusema "kichwa". Na chini kabisa, katikati ya kitako cha ganda, kuna fataki. Fataki ni kikombe kidogo kuliko punje ya dengu, chenye tone la kemikali inayolipuka ikigongwa na pini ya bunduki, na cheche yake ndiyo inayowasha baruti. Unaweza kuwa na maganda milioni, baruti mapipa na vichwa magunia. Bila fataki huna hata risasi moja.

Watengenezaji wakubwa wa fataki Marekani walikuwa wanne tu: Federal kule Anoka, Minnesota, CCI kule Lewiston, Winchester, na Remington kule Lonoke, Arkansas. Kazi yenyewe haipanuliwi kwa kuongeza meza na vijana. Kemikali ile hushughulikiwa ikiwa na maji, kwani ikikauka msuguano mdogo unatosha kuilipua. Majengo hutenganishwa, na anayeipaka kwenye vikombe hufunzwa kwanza kwa muda mrefu. Kampuni zilipoona fataki hazitoshi, zilizielekeza kwenye risasi zao kamili zenye faida kubwa zaidi, zikapunguza kuwauzia watu wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Mimi ni mmoja wao. Boksi la fataki 1,000 lililokuwa dola 30 hadi 40 nililiona mwaka 2021 likiuzwa mtandaoni kwa zaidi ya dola 100, na lilipopatikana dukani nilipewa pakiti moja ya 100, ikavuliwa kutoka kwenye boksi lake mbele ya macho yangu kama mtu anayepimiwa dawa.

Kwa hiyo, mleta uzi, zilikuwa zikitengenezwa nyingi kuliko zamani, ni kweli, lakini dari lilikuwa fataki, na dari hilo halikuinuka.

Mkongomani wa Portland

Fundi, asante kwa somo. Umesema Lewiston, na mimi niko Portland, Maine, mwendo mfupi tu kutoka Lewiston yetu. Nimeishi hapa miaka tisa sijasikia kiwanda cha fataki. Kingekuwepo, mimi na wenzangu tusingetaabika vile mwaka 2020.

Fundi Mitutu

Ndugu yangu, Lewiston ya CCI iko Idaho, upande wa pili kabisa wa nchi. Ukitoka hapo asubuhi hii, utafika baada ya siku nne. Pole kwa matumaini niliyokupa.

Mkongomani wa Portland

Basi nimeelewa, na wanangu wamecheka sana.

Niwape kisa changu. Nilijifunza kuwinda paa wa hapa kutoka kwa jirani mzee, nikanunua bunduki ya zamani ya kaliba ya .30-30, ile ya kukokiwa kwa mkono wa chini. Nyama ya paa mmoja hutulisha sisi na jamaa wawili wa kanisani msimu wa baridi mzima. Novemba 2020 nilizunguka maduka sita sikupata risasi za .30-30. Za milimita 9 zilikuwa zikija na kuisha. Za kuwindia hazikuja kabisa. Mwishowe yule jirani alifungua droo ya jikoni, akanihesabia risasi tano ndani ya kifuko cha plastiki cha mkate, akasema, "Mbili za kuhakikisha shabaha, tatu za msituni." Nilitumia moja tu kuhakikisha, na nilimpata paa kwa ya pili. Zilizobaki tatu nilimrudishia pamoja na paja. Swali langu kwa mafundi: kwa nini za kuwindia zilipotea zaidi, wakati hofu ilikuwa ya bastola?

Fundi Mitutu

Kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema. Mtambo mmoja unaweza kutengeneza kaliba mbalimbali, lakini kuubadili kunasimamisha kazi kwa muda, na kila saa ya kusimama ni risasi ambazo hazikutengenezwa. Kiwanda chenye maagizo ya milimita 9 na ya 5.56, ile ya bunduki za jamii ya AR-15, yaliyolundikana kwa mwaka mzima hakisimamishi mtambo ili kitengeneze .30-30 za wawindaji wa Novemba. Zako hazikununuliwa na mtu mwingine, mkuu. Hazikuzaliwa.

Mwongoza Wageni, Arusha

Habari za huko. Hiyo ya mwisho imenigusa. Huku kwetu kwenye uwindaji wa kitalii tunatumia .375 H&H kwa wanyama wakubwa, na wageni wengi hutoka Marekani na risasi zao. Ndege ziliporudi, mgeni wangu mmoja alikuja na risasi 18 badala ya 60 alizozoea, akaniambia alizikusanya kwa marafiki watatu. Tulifunga safari ya siku 21 tukihesabu kila asubuhi. Sikufahamu kwamba chanzo kilikuwa mtambo usiobadilishwa kule Minnesota au Nebraska.

Mwanafunzi wa Madini

Mbona hamjataja madini yenyewe? Tanuru la mwisho Marekani la kuyeyusha risasi kutoka kwenye mawe, lile la Herculaneum, Missouri, limefungwa. Nchi isiyoyeyusha madini itapata wapi vichwa? Na bei ya shaba ilipita dola 10,000 kwa tani Mei 2021, wakati Machi 2020 ilikuwa chini ya 5,000.

Msomi wa Bei

Ya shaba ni kweli, na ilichangia bei. Ya tanuru tusiipokee bila kuipima. Herculaneum ilifungwa mwishoni mwa 2013, miaka sita kabla ya Korona, na katikati hapo, mwaka 2018 na 2019, risasi zilikuwa tele hadi maduka yakazipunguzia bei. Sehemu kubwa ya madini ya risasi nchini humo hutoka kwenye betri kuukuu za magari zinazoyeyushwa upya. Kisababishi hakiwezi kukaa kimya miaka sita halafu kiamke Machi.

Mwanafunzi wa Madini

Nimekubali kuhusu tanuru. Kuhusu shaba sirudi nyuma.

Dereva wa Masafa

Mimi huendesha lori la masafa marefu. Mnasahau usafirishaji. Mwaka 2021 meli zilijipanga nje ya bandari za Los Angeles na Long Beach hadi zikapita 100, madereva hatukutosha, na risasi nyingi za bei nafuu zilikuwa zikitoka nje: Brazili, Ucheki, Korea Kusini, Urusi. Ukiongeza na vikwazo dhidi ya risasi za Urusi, ndiyo hiyo hadithi yako, mleta uzi.

Fundi Mitutu

Dereva, angalia tarehe. Vikwazo vya Urusi, vilivyotokana na kupewa sumu Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, vilitangazwa Agosti 20, 2021, vikaanza Septemba 7, tena vilizuia vibali vipya vya kuingiza huku vibali vya zamani vikiendelea kutumika. Rafu za Karani zilikuwa tupu miezi 17 kabla. Vikwazo viliwaumiza wenye bunduki za jamii ya AK na bei zao zikaruka siku ile ile, lakini havikuanzisha ukame. Meli nazo zilirundikana zaidi mwishoni mwa 2021.

Dereva wa Masafa

Sikusema vilianzisha, nimesema viliongeza. Na ninyi mafundi mkipewa nafasi mtatuambia hata mvua inanyesha kwa sababu ya fataki. (Nakutania, mkuu, nimejifunza mengi.)

Wakili Mstaafu

Naomba nafasi fupi kwa upande wa sheria. Mwanzoni mwa ugonjwa haikuwa wazi kama maduka ya bunduki ni ya lazima au la. Machi 28, 2020 mwongozo wa shirikisho kutoka CISA, wakala wa usalama wa mitandao na miundombinu, uliwaweka wafanyakazi wa viwanda, maduka na viwanja vya shabaha katika kundi la wafanyakazi wa lazima, lakini ulikuwa ushauri tu. Massachusetts ilifunga maduka hadi jaji wa shirikisho alipoamuru Mei 7 yafunguliwe. New Jersey ilifunga, ikafungua mwisho wa Machi. Katika Los Angeles msimamo ulibadilika ndani ya siku chache. Mtu akisikia kwamba kesho duka litafungwa, leo ananunua mara tatu. Kwa maoni yangu amri hizo zilichochea uhaba kuliko zilivyouzuia ununuzi.

Tena mzigo wa uchunguzi ulipozidi, majibu yalichelewa. Sheria inasema siku tatu za kazi zikipita bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kuitoa bunduki. Hilo lilinitia wasiwasi wakati ule na bado linanitia.

Mtoto wa Pwani

Na Walmart je? Baada ya mauaji ya El Paso Agosti 2019 iliacha kuuza risasi za bastola na zile za bunduki za kaliba ndogo kama .223. Wateja wake wote wakahamia kwenye maduka madogo kama la Karani, miezi michache tu kabla ya Korona.

Karani wa Kaunta

Hilo ni kweli tupu, nami nilikuwa nimelisahau. Wengi waliokuja kwetu Machi walituuliza mahali tulipo kwa simu, maana maisha yao yote walinunua Walmart.

Mfuatiliaji

Wakuu, mnazunguka. Serikali ilizinunua zote. Jeshi lina kiwanda chake cha Lake City kule Missouri. Kilibadilishwa mwendeshaji Oktoba 1, 2020, katikati ya uhaba, kikapewa Winchester. Hilo nalo ni bahati tu?

Wakili Mstaafu

Mkataba wa Lake City ulitolewa mwaka 2019, kabla ya ugonjwa, na tarehe ya makabidhiano ilikuwa imepangwa. Uvumi wa serikali kununua risasi zote ulienea pia mwaka 2013 kuhusu Wizara ya Usalama wa Ndani; ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikachunguza, na ripoti yake ya 2014 haikuunga mkono uvumi huo. Nakusihi ulete ushahidi wa 2020, nasi tutausoma.

Mfuatiliaji

Sina hati. Nina mashaka tu, na mashaka si kosa.

Fundi Mitutu

Nataka kurudi kwenye vipuri, maana mleta uzi alivitaja na sote tumevisahau.

Remington ilifilisika mara mbili, Machi 2018 na Julai 2020. Ya kwanza ilitokea wakati mauzo yamelala, kwa kuwa baada ya uchaguzi wa 2016 watu hawakuogopa tena sheria mpya. Viwanda vingine navyo vilijibana, na nchi ikaingia 2020 ikiwa na akiba ndogo. Ya pili ilitokea wateja wakiwa foleni. Kampuni ikagawanywa vipande mnadani: kiwanda cha risasi cha Lonoke kikaenda kwa Vista Outdoor, wenye Federal na CCI wakati huo, kwa dola milioni 81.4, jina la Marlin likaenda kwa Ruger, na kiwanda cha Ilion, New York, mji ulioishi kwa bunduki hizo tangu karne ya 19, kikafungwa Oktoba na karibu wafanyakazi 600 wakaondolewa. Marlin za kwanza za Ruger zilitoka Desemba 2021. Kwa hiyo, Mkongomani, si risasi zako tu. Hata bunduki mpya za Marlin, za kukokiwa kwa mkono wa chini kama yako, hazikuwa zikitengenezwa.

Kwangu jambo hilo lilikuja kwa sura ya mama mmoja mfugaji aliyeniletea bunduki aina ya Remington 870 ya marehemu mumewe, pampu yake ikikwama. Ilihitaji kipuri cha kukamata ganda, kidogo kama ukucha, ambacho zamani nilikipata kwa siku nne. Nilisubiri miezi saba. Viwanda vilivyobaki navyo, vikiwa na chemchemi na pini 1,000, vilizifunga zote ndani ya bunduki mpya, havikuziweka kwenye pakiti za mafundi. Nilimtengenezea kipande kwa tupa, nikajaribu, nikakataa kumkabidhi kwa sababu sikukiamini. Alikuja kuichukua masika ya mwaka uliofuata.

Bi Nesi

Nimewasoma nyote, na ninawashukuru kwa uangalifu wenu wa takwimu, ndiyo maana naleta nyingine. Takwimu za CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, zinaonyesha kwamba mwaka 2020 watu 45,222 walikufa kwa silaha za moto Marekani, na 24,292 kati yao walijiua. Mimi ni muuguzi wa dharura Columbus, Ohio. Utafiti ule nilioutaja unakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 11, wakiwemo watoto zaidi ya milioni 5, walianza kuishi katika nyumba yenye bunduki ambayo zamani haikuwa nayo. Madarasa ya mafunzo yalikuwa yamefungwa, na risasi za kufanyia mazoezi hazikuwepo. Kwa hiyo uhaba haukuizuia bastola kuingia nyumbani. Ulimzuia mwenyewe kujifunza kuitumia. Tunapouliza risasi zilikwenda wapi, jibu moja ni kwamba nyingi zilikwenda kwenye droo za kando ya kitanda.

Karani wa Kaunta

Bi Nesi, asante. Umenikumbusha jambo.

Juni 2020 alikuja binti wa miaka kama 25 na bastola ya milimita 9 aliyoinunua siku tatu kabla, duka jingine. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Akaona kwenye rafu boksi pekee lililobaki, lilikuwa la .380, akasema, "Nipe hilo, si zinafanana?" Ukizilaza mbili hizo kiganjani zina karibu upana uleule, moja ni fupi tu. Nilikataa kumuuzia. Alilia pale pale, akasema anaishi peke yake na analala na taa zikiwaka. Nilifunga kaunta dakika 20, jambo lililomuudhi meneja, nikamfundisha kuitoa magazini, kuangalia chemba, na kuifunga kwa kebo ya kufuli iliyokuja nayo bado ndani ya plastiki. Aliondoka bila risasi. Namba yake iko ukurasa wa pili wa lile daftari la pili.

Msomi wa Bei

Na ulimpigia?

Karani wa Kaunta

Nilimpigia Aprili 2021, mzigo ulipokuja mzuri kidogo. Namba ilikuwa haitumiki.

Ila kuna jambo nililiona katika kupiga simu hizo, nami naliweka hapa mlipime. Mwishoni mwa 2021, kabla sijaacha kazi, tulianza kuwa na milimita 9 za kukaa kwenye rafu hadi jioni. Nikapiga namba 50 za mwanzo za walioomba milimita 9. Waliopokea walikuwa 31. Kati yao, 24 waliniambia wanazo za kutosha, asante. Mmoja alisema ana maboksi 60.

Mzee Kibuyu

Hao ndio wenye kilo moja ya sukari niliowasema.

Fundi Mitutu

Mzee, subiri kidogo. Hao 24 walizipata wapi, ikiwa hazikuwepo? Karani hakuwauliza. Huenda walinunua kwa dola 40 mtandaoni, huenda walisafiri hadi jimbo jingine. Hilo halituambii kwamba kila mmoja alihodhi. Linatuambia kwamba walihangaika miezi 18 hadi wakashiba. Na ni milimita 9 hizo. Karani, katika simu zako, wapo waliotaka za kuwindia, au fataki?

Karani wa Kaunta

Walikuwepo. Waliotaka .30-30 na .243 walikuwa wanane kwenye kurasa zile, na hakuna hata mmoja niliyempigia, kwa sababu hadi naondoka sikuwa nimezipokea. Fataki nilipokea mara moja tu, maboksi mawili, na yalinunuliwa na mtu wa kwanza aliyeingia.